Sautin Mmemsoma Nusu: Kwa Makocha Wapya wa Ubao

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeketi pembeni mwa bwawa, nikamsikia kocha msaidizi, kijana ninayempenda sana kwa bidii yake, akimwambia binti wa miaka 13 aliyekuwa ameshika kifundo cha mkono: "Sautin alichomwa visu akarudi na medali, wewe unalia kwa mkono?" Binti akafuta machozi na kuanza kupanda ngazi za ubao wa kuchupia majini. Nilimshusha, nikamwambia akaoge maji ya moto, kisha nikamwita kocha wake kando. Haya ninayaandika kwa ajili yake na wenzake walioanza kazi mwaka huu, kwa sababu sentensi ile niliwahi kuitamka mimi, karibu neno kwa neno, na aliyelipa gharama yake hakuwa mimi.

1. Ijueni kwanza habari yenyewe ilivyo. Dmitri Sautin ni mchupaji wa Urusi, mtoto wa mji wa Voronezh, aliyezaliwa Machi 1974. Mwaka 1991 alichomwa kisu mara kadhaa mtaani katika mji wake huohuo, akalazwa hospitali, madaktari wakamwokoa. Mwaka 1992, akiwa na miaka 18, alipata shaba ya ubao wa mita 3 kwenye Olimpiki ya Barcelona. Hapo ndipo wengi wenu mnapofunga kitabu, kwa sababu kisa kimekwisha kuwa kitamu. Lakini baada ya shaba ile kulikuwa na miaka 16 zaidi ya kazi: dhahabu ya jukwaa la mita 10, lile lisilobonyea kama ubao, Atlanta mwaka 1996, medali nne Sydney mwaka 2000, shaba Athens mwaka 2004, na fedha Beijing mwaka 2008. Jumla yake ni medali 8 za Olimpiki. Kisu kilichukua dakika chache za maisha yake, na ninyi mnamsimulia kana kwamba ndicho kilichomfundisha kuchupa. Aliyemfundisha ni Tatyana Starodubtseva, aliyemlea mchezoni tangu utotoni. Mchupaji aliyetoka hospitali hurudi ubaoni salama akiwa na mtu anayeujua mwili wake kuliko anavyoujua yeye mwenyewe, na mtu huyo, ndugu zangu, ndiyo kazi mliyoiomba.

2. Msichanganye woga na maumivu. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mtoto wa Unguja. Nilianza kwa kupiga makachu Forodhani kama watoto wote wa Mji Mkongwe, tukijirusha kutoka ukutani maji yakiwa yamejaa, na mtu aliyesita tulimzomea mpaka akaruka au akaenda kwao. Nilipokwenda kusoma Voronezh mwaka uliofuata Atlanta, mji ulikuwa bado unamwimba Sautin, nami nikabeba mambo mawili kuja nayo kwenye ukocha: mazoea ya Forodhani ya kumzomea anayesita, na kisa cha kisu. Niliamini kwamba mambo hayo mawili yanatosha kumfanya mtoto awe bingwa.

Katika mwaka wangu wa tatu wa ukocha nilikuwa na kijana wa miaka 15. Alikuwa na miguu ya ajabu. Ubao ulimpokea na kumrudisha juu kama vile wameafikiana tangu zamani. Zilikuwa zimebaki siku 9 kufikia mashindano, na orodha yake ilikosa mchupo mmoja wa kundi la tatu, yaani wa kutazama mbele na kuzunguka kinyumenyume, wenye ugumu wa kutosha. Nikamwekea 305C, mchupo wa kundi hilo wa kuzunguka mara mbili na nusu, mwili ukiwa umekunjamana. Siku ya Jumanne alikuja amefunga bandeji kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Nyote mnajua kinavyoumia: mtoto anakamata maji kwa viganja mara hamsini kwa siku, na siku moja kiganja kinakataa. Alipanda, akatembea mpaka ncha ya ubao, akarudi nyuma. Akapanda tena, akarudi tena. Nikamwita chini na kumsimulia habari za Voronezh, visu, hospitali na Barcelona. Nilisimulia vizuri, na macho yake yaliwaka. Nikaona nimefanya kazi ya ukocha.

Alipanda mara ya tatu. Nilimtazama akiwa hewani, na hilo ndilo kosa la kitaalamu ndani ya kosa kubwa zaidi, kwa sababu ningetazama hatua zake ningeyaona yote kabla hajaondoka ubaoni. Mkono wa kushoto haukushuka sawa na wa kulia. Alikuwa anaulinda. Mikono isipozunguka kwa ukamilifu, ubao haubonyei hadi mwisho, mwili hausukumwi mbele, na kwenye kundi la tatu, ambako mzunguko wenyewe unakurudisha kuelekea ubao, hakuna nafasi ya kusamehewa. Alizunguka mara moja na nusu vizuri, na alipokuja kufunguka mkono wake uligonga ubao. Sauti ile sitaieleza. Mfupa wa mkono ulivunjika mahali pawili, na paji la uso lilichanika.

Mama yake alikuja hospitali jioni. Hakupaza sauti. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, ulimwuliza kama anaumwa?" Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimemwuliza kama anaogopa, mara tatu, mbele ya wenzake, na mtoto wa kiume wa miaka 15 akiulizwa hivyo mbele ya wenzake jibu lake ni moja. Mkono ulipona. Kijana alirudi bwawani mara mbili, akakaa kwenye benchi na kutazama wenzake, akanisalimia kwa heshima, na baada ya hapo hakuja tena. Nilimwomba radhi yeye na mama yake. Walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mtoto aliyerudi kutoka ncha ya ubao ni "Wapi panauma?" Simwulizi kama pana mahali panauma. Namwuliza ni wapi, nikiwa nimeinama, wenzake wakiwa mbali. Akisema hakuna panapouma, ndipo tunazungumza juu ya woga, na woga una dawa zake: mkanda wa kamba, trampolini, na kurudi kwenye 303C, mchupo uleule ukipungua mzunguko mmoja, kwa wiki nzima bila aibu.

3. Gurudumu la ubao, lile linalosogezwa ili ubao ulegee au ukaze, liandikwe namba kwa kila mchupaji, ukutani, kwa chaki. Mtoto wa kilo 38 hawezi kurukia mahali alipoliacha mtu wa kilo 70.

4. Mchupo mpya haupandishwi kwenye mita 3 ndani ya siku 14 za mwisho kabla ya mashindano. Hili halijadiliwi, hata mzazi akija na keki.

5. Jifunzeni kuheshimu alama ndogo. Ninawaona mnavyokimbilia ugumu, 5154B, wa kuzunguka mara mbili na nusu na kujipinda mara mbili, kwa mtoto ambaye 403B yake, mchupo mwepesi zaidi, bado inarusha maji mpaka kwenye meza ya majaji. Sasa sikilizeni habari ya Sydney. Sautin alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia wa mita 3 mjini Perth mwaka 1998. Kule Sydney aliingia katika mashindano yote manne ya wanaume na akapata medali katika kila moja: dhahabu ya jukwaa pamoja na Igor Lukashin, fedha ya ubao pamoja na Alexandre Dobroskok, na shaba mbili za peke yake. Kwenye ubao Xiong Ni wa China alimaliza na pointi 708.72, Fernando Platas wa Mexico 708.42, na Sautin 703.20. Kati yake na dhahabu palikuwa na pointi 5.52. Pigeni hesabu: majaji wakipunguza nusu alama kila mmoja katika mchupo mmoja tu wa ugumu wa 3.0, pointi 4.5 zimekwenda, maana hesabu ni sawa na alama za majaji watatu zikizidishwa kwa ugumu. Dhahabu ile iliamuliwa na mambo madogo mno, vidole vya miguu vilivyochelewa kunyooka, goti lililoachia mapema, na hayo ndiyo ninayowaona mkiyapuuza kila asubuhi kwa sababu mnasubiri kuona mizunguko.

Mwaka uliofuata, Fukuoka, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 3 kwa mara nyingine. Lakini dhahabu ya Olimpiki ya ubao, peke yake, haikumjia kamwe. Alipata shaba tatu, za 1992, 2000 na 2004. Warusi waliipata London mwaka 2012, kwa Ilya Zakharov. Ninalitaja hili kwa sababu mmoja wenu aliniambia mtoto asiyepata dhahabu akifika miaka 20 amekwisha. Nilikasirika, na bado nimekasirika kidogo.

6. Tafuteni picha za fainali ya ubao ya wawili-wawili ya Beijing, na mtazame miguu. Sautin alikuwa na miaka 34, na mwenzake Yuriy Kunakov 18. Sautin alipopata shaba ya Barcelona, mwenzake huyo alikuwa mtoto wa miaka miwili. Wachina Wang Feng na Qin Kai walichukua dhahabu, na Sautin na Kunakov wakapata fedha. Katika michupo ya wawili, ubao hauna huruma kwa tofauti ya umri: hatua zinaanza pamoja, mguu unapanda pamoja, ubao unabonyezwa pamoja, au alama za ulinganifu zinaanguka kabla mtu hajafika hewani. Simamisheni picha pale wote wawili wanapotua kwenye ncha, mikono ikiwa chini, magoti yakiwa yamekunjwa. Mwite mtoto wako umwonyeshe hapo, kisha mwende pamoja kwenye ubao wa mita 1, afanye hatua hizo mara ishirini na kuingia majini kwa miguu tu, bila kuzunguka hata nusu.