Mama Muganga Anajibu: Kaka yangu analala barazani

Jambo Mama Muganga. Kaka yangu mkubwa alikuwa mwanajeshi. Sasa analala kwenye baraza la duka karibu na soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Ana presha, na hospitali hataki kuisikia. Eti Marekani watu kama yeye wanatibiwa kwa simu?

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Ni kweli. Tangu 2016 idara ya wanajeshi wa zamani ya Marekani inawaazima wagonjwa tableti zenye intaneti iliyolipiwa. Mwaka 2020 ikawapa simu wengi wasio na makazi. Hiyo intaneti ya kulipiwa ndiyo kiini. Simu bila mega ni kioo tu.

Mimi namfuatilia kwa simu ya video mzee mmoja, askari wa zamani, anayelala nyuma ya gereji. Mpwa wake humpelekea simu kila Jumamosi, imejaa chaji. Mara ya kwanza niliona paji la uso tu, dakika kumi nzima. Ya pili akaishusha mpaka mguuni, akafungua kitambaa mwenyewe. Kidonda kile alikuwa akikificha kwa kila mtu. Hospitalini aliona haya kuvua kiatu.

Nenda na kipimo cha presha, mpime akiwa amekaa, kisha mpigie muuguzi mbele yake. Dawa zake azitunze mwenye duka. Ila presha ikifika 180 kwa 120 na kifua kinauma, au ulimi umekuwa mzito, achaneni na simu: mpelekeni hospitali saa ileile, hata akikataa mbembelezeni.