Msaidie kompaila kupanga kumbukumbu

Ukiandika C ya vifaa vidogo, usikisie ukubwa wa struct (kundi la vigezo vilivyowekwa pamoja), iulize sizeof, inayotoa ukubwa kwa baiti. Weka char, kisha int, kisha char. Kwa kujumlisha 1 + 4 + 1 utapata baiti 6, lakini kwenye Linux ya biti 64 jibu ni 12. Kompaila ameacha baiti 3 tupu ili int ianze kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, na 3 nyingine mwishoni ili struct zikipangwa kwenye safu, kila int ikae sawa. Tanguliza int, zifuatie char mbili: zinabaki baiti 8. Kompaila hawezi kukusogezea, maana kanuni za C zinamlazimu kufuata mfuatano wako.

Ninapopitia kodi ya wenzangu, ninachokagua kwanza ni pointa (vigezo vinavyobeba anwani ya kumbukumbu) zilizogeuzwa aina kwa nguvu. Data imeingia kutoka kwenye sensa kwenye safu ya baiti (uint8_t) iitwayo buf, namba unayoitaka inaanzia baiti ya 3, na mtu anaandika *(uint32_t *)(buf + 3). Kwenye laptopu inakubali, kwa sababu prosesa za x86 kwa kawaida husoma anwani isiyogawanyika kwa 4 bila shida. Ipeleke kwenye Cortex-M0, prosesa ndogo ya ARM, uone: HardFault, yaani hitilafu ya prosesa, kifaa kimesimama. Hata x86 usiitegemee. Kompaila akiona uint32_t * anaamini anwani imekaa sawa, na akiboresha kitanzi kwa -O3 (kiwango cha juu cha uboreshaji) anaweza kutumia maagizo kama movdqa, ambayo hukataa anwani isiyogawanyika kwa 16.

Wengi hukimbilia packed, yaani kumwambia kompaila asiache baiti tupu ndani ya struct. Ukisoma kupitia struct yenyewe, kompaila anajua na anasoma kwa tahadhari. Ila ukichukua anwani ya mwanachama wake ukaipa funksheni nyingine, huko hakuna anayejua tena kwamba ilikuwa packed. GCC kuanzia toleo la 9 hutoa onyo kwa hilo, tafadhali usilizime.

Tumia memcpy(&n, buf + 3, sizeof n), inayonakili baiti hizo kwenda kwenye n, kigezo chako cha uint32_t. Usiogope gharama: kwa -O2 kwenye x86-64, GCC huigeuza kuwa agizo moja tu la kusoma, na kwenye Cortex-M0 data itasomwa kwa usalama. Mpangilio wa baiti, kubwa kwanza au ndogo kwanza, bado utaushughulikia mwenyewe. Kwenye majaribio ya laptopu washa -fsanitize=alignment; itakuonyesha mstari wenye kosa kabla kodi haijafika kwenye kifaa.