Mvua ikikata Januari, usikimbilie pampu

Nalima kandokando ya Hombolo, ekari sita: mtama, alizeti, karanga, kunde na kipande cha mahindi. Kwa wasioijua Dodoma, msimu wetu ni mmoja tu. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, huisha Aprili, na mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600. Katikati ya msimu huo, mara nyingi Januari mwishoni au Februari, mvua hukata. Inaweza kukata wiki moja, mbili, hata tatu. Hicho kipindi ndicho kilichonitia hasara kubwa kuliko ukame wenyewe, na sioni wakulima wenzangu wakikizungumzia inavyostahili.

Msimu ninaoukumbuka vizuri, mvua ilikata siku 17. Kunde zilikuwa zimechangamka, zinaanza kutambaa. Siku ya nane nikaona wadudu mafuta, wale weusi wa kunde, kwenye ncha za mashina. Siku ya kumi na mbili upande wote wa barabarani ncha zilikuwa nyeusi tii, sisimizi wanapanda na kushuka. Nikaenda dukani, nikauziwa dawa niliyoambiwa inaua wadudu wa kila aina. Jioni nikapuliza shamba zima, pampu tano. Asubuhi wadudu mafuta walikuwa wamekauka na moyo wangu ukatulia.

Mke wangu ndiye aliyeinama. "Baba watoto, na hawa ni nini?" Chini ya majani kulikuwa na vidudu virefu kidogo, vyeusi, vyenye alama za rangi ya chungwa mgongoni, miguu sita, vimekufa. Nikamwambia ni wadudu wengine waharibifu, bora wamekufa. Nilijibu bila kujua. Afisa ugani alipopita wiki ile nikamwonyesha, akanieleza kwamba wale ni watoto wa yule mdudu wa mviringo mwekundu mwenye madoa meusi. Wakubwa tunawafahamu tangu utoto, tuliwachezea mikononi. Watoto wao hawafanani nao hata kidogo, na ndio wanaokula wadudu mafuta kwa mamia kabla hawajageuka kuwa wakubwa.

Siku kumi baadaye wadudu mafuta walirudi, na safari hii hapakuwa na wa kuwala. Jirani yangu, mama mtu mzima anayelima peke yake, hakupuliza kwa sababu hakuwa na hela ya dawa. Mistari yake ya pembeni iliharibika kweli, sitaki kudanganya. Lakini ndani ya shamba wale wadudu wekundu na watoto wao walikuwa wamejaa, mvua iliporudi ikamalizia kazi, naye akavuna kunde. Mimi niliambulia majani.

Tangu hapo ninaandika kwenye daftari: siku ya mvua, kiasi nilichopima kwenye kopo, na nilichokiona kwenye majani. Nilichojifunza ni kwamba hali ya hewa haiwaletei wadudu waharibifu na maadui zao kwa wakati mmoja. Jua kali huwatanguliza waharibifu, na maadui wanafika nyuma yao. Siku hizo chache za katikati ndizo mkulima anaokoa shamba au analiharibu kwa mkono wake.

Mdudu hana joto lake mwenyewe, anategemea joto la hewa. Kukiwa na joto, anakula haraka, anakua haraka, anazaa haraka. Mdudu mafuta hahitaji hata dume. Jike huzaa watoto walio hai, na kwenye joto la kwetu mtoto aliyezaliwa leo anaanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Mdudu mwekundu anaanza na yai, na hadi awe mkubwa zinapita kama wiki tatu. Kwa hiyo mwanzoni lazima ashindwe hesabu. Ongeza kwamba mvua yenyewe ni adui wa wadudu mafuta: matone mazito huwaangusha chini na wengi hawarudi juu. Mvua ikikata, wamepumzishwa huyo adui wa kwanza, na mmea wenye kiu hauna nguvu ya kustahimili kunyonywa.

Kwenye karanga jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu wadudu mafuta hao hao hubeba ugonjwa wa virusi unaozidumaza karanga, majani yakawa madogo, ya njano, yamejikunja. Shina likishaugua haliponi. Hapa kusubiri maadui hakutoshi. Kinachosaidia ni kupanda mapema, mvua za kwanza tu, na kupanda kwa kubanana, ili karanga zifunike udongo kabla ya kile kipindi cha jua. Karanga zilizopandwa Januari kwa mianya mikubwa ndizo wadudu mafuta wanazitua kwanza.

Mtama nao una wake, wa rangi ya manjano, wanaokaa chini ya majani. Mara nyingi huja mwishoni, mtama ukishachanua na mvua zikipungua. Utawajua kwa majani yanayong'aa na kunata kama yamepakwa asali, kisha yanaota masizi meusi. Nimejizuia kupuliza mtama misimu kadhaa sasa, kwa kuangalia kwanza kama kuna wadudu wekundu, buibui, na wadudu mafuta waliovimba na kuwa wa rangi ya kahawia kama punje kavu. Hizo punje ni wadudu mafuta waliokwisha kuuawa: nyigu mdogo sana, mdogo kuliko sisimizi, ametaga yai ndani yao. Ukiziona nyingi, subiri.

Nyigu hao ni dhaifu kwa jua na upepo kuliko wanaowawinda. Wanahitaji kivuli na maua ya kunywa utamu. Ndiyo maana siku hizi sifyeki kingo zote za shamba zikabaki kipara, na siziunguzi. Kwetu wengi bado tunaberega: kusafisha shamba, kuchoma mabaki, kupanda bila kulima. Naelewa sababu yake, nguvu ni chache na mvua haisubiri. Ila moto huo unaunguza pia buibui, sisimizi na wadudu wengine wanaojificha kwenye takataka wakisubiri mvua. Kwa upande mwingine, funza wa mabua nao hupitisha kiangazi ndani ya mabua makavu, kwa hiyo kuyaacha yamesimama ni kuwafuga. Mimi nayakata, nayalaza juani yakauke kabisa, mengine wanakula ng'ombe, na kingo naziacha na nyasi zake na mgagani wake.

Kwa mahindi, viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017 wanafuata kanuni hiyo hiyo. Kwenye joto la nyuzi 28 hivi, mzunguko wao toka yai hadi nondo ni kama siku 30. Baridi ikizidi, siku zinaongezeka. Kipindi cha jua kinawafaa. Mvua kubwa inawazamisha wale wadogo kwenye kikonyo cha mahindi, pale juu majani machanga yanapojikunja, na hata kumwaga udongo au mchanga mle ndani kunasaidia, nimefanya hivyo kwa mkono, mstari kwa mstari. Ukifungua kikonyo ukakuta mdudu mwembamba wa kahawia mwenye mkia kama koleo, mwache. Anakula mayai na viwavi wachanga.

Viwavijeshi wetu wa zamani, wale weusi wanaotembea kwa makundi, wana tabia tofauti. Nondo wao husafiri na upepo, na dhoruba za mvua za kwanza huwakusanya na kuwashusha sehemu moja. Wanapenda mvua zinazokuja baada ya ukame mrefu: nyasi ni laini, na maadui bado ni wachache. Wanakula nyasi, mahindi, mtama, uwele na mpunga. Kunde na alizeti wanazipita. Marehemu baba yangu alitukataza kuwafukuza korongo weusi wenye tumbo jeupe wanapotua shambani Desemba, na alikuwa sahihi, wanawala viwavi hao kwa wingi. Mvua zikiendelea kunyesha bila kukatika, viwavi wenyewe wanaanza kuugua. Utawakuta wamening'inia kichwa chini juu ya jani, wamelainika, wanavuja maji. Hao wameuawa na virusi vyao, ambavyo havimdhuru binadamu. Wengine wanakauka wakawa wagumu na kufunikwa na unga mweupe au wa kijani, hiyo ni kuvu, na kuvu inataka unyevu. Shamba la namna hiyo usilipulize. Na ukiona viwavi wanene wa sentimita tatu wanaanza kuingia ardhini, umechelewa, fedha ya dawa itapotea bure.

Zabibu sizilimi, nitagusia tu nilichokiona kwa wenzangu wa Makutupora: vumbi la barabarani likitanda kwenye majani wakati wa jua, wadudu weupe wenye unga kama pamba huongezeka, na sisimizi huwalinda dhidi ya maadui zao kwa ajili ya ule utamu wanaoutoa. Kuwazuia sisimizi kupanda shina kunasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Sasa ninavyofanya mvua ikikata. Nasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wa siku kumi hasa. Kila siku ya tatu, asubuhi mapema, napita shamba kwa mwendo wa pindapinda, nasimama sehemu tano, kila sehemu mimea ishirini. Nageuza majani. Nahesabu mimea yenye wadudu waharibifu, na nahesabu yenye maadui zao. Mahindi machanga yakiwa na viwavi kwenye zaidi ya mimea 20 kati ya 100, nachukua hatua. Yakiwa makubwa navumilia hadi 40. Kwa wadudu mafuta natazama mwelekeo: kama maadui wameongezeka kati ya ukaguzi na ukaguzi, na mvua inatarajiwa, sigusi pampu. Kama wadudu mafuta wanapanda na maadui hawaonekani kabisa, napuliza pale walipo tu, mara nyingi pembeni, jioni jua likishuka, na sichagui tena dawa inayoua kila kitu. Mvua ikirudi nasubiri siku mbili ndipo nihesabu upya, kwa sababu mara nyingi kazi inakuwa imekwisha.

Kabla ya kufungua chupa ya dawa, waambie watu wa nyumbani na majirani. Mlenda na mgagani tunavyokula vinachumwa humo humo shambani, kati ya mistari ya mtama, na anayechuma ni mama au mtoto ambaye hakukuona ukipuliza jana jioni. Mimi nafunga kitambaa chekundu kwenye kijiti upande niliopuliza, na sikifungui hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zimeisha.