Duka la Bunduki Likikununia: Maswali na Majibu

Msimu wa kuwinda kulungu unakaribia katika majimbo mengi ya Marekani, na barua zimeanza kuingia. Safari hii wachache mno wanauliza wanunue bunduki gani. Wengi wanalalamika: muuzaji alininunia, alinipuuza, alinifukuza. Nimechagua barua kadhaa za ndugu zetu wanaoishi huko.

Kabla hamjasoma majibu, shikeni jambo moja. Mwenye duka la silaha Marekani anafanya biashara kwa leseni ya serikali kuu, na wakaguzi wa ATF, idara inayosimamia silaha, wanaweza kuingia dukani na kupekua fomu zake. Akibainika anauza ovyo, leseni inaondoka. Kwa hiyo ukali mwingine ni woga wa sheria, na mwingine ni utovu wa adabu mtupu. Ukiijua sheria, utajua umekutana na upi.

Nilikwenda na mume wangu kununua bastola yangu ya kwanza. Pesa zangu, maswali yangu, lakini muuzaji alikuwa akimjibu mume wangu. Mwisho akanitolea kibastola kidogo cha rangi ya waridi. Ndivyo walivyo wote? (Muuguzi, Columbus, Ohio)

Si wote, dada, ila wapo wa kutosha kukufanya uamini hivyo. Malalamiko yako ninayapata kuliko mengine yoyote, na wanaoyaleta ni wanawake wa kila rangi.

Mimi kinachoniudhi zaidi ya adabu yake ni ushauri wake. Bastola ndogo na nyepesi ndiyo ngumu kwa anayeanza. Wepesi wake unafanya ikurushe mkono kwa nguvu zaidi risasi inapotoka, kishikio chake kifupi hakijazi kiganja, na mtutu mfupi unafanya shabaha ikupotee kirahisi. Anayeanza nayo huzoea kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo ikishaingia kuitoa ni kazi. Bastola ya risasi za milimita 9 iliyo nzito kiasi na yenye kishikio kamili ingekufaa zaidi, na mtu aliyesimama nyuma ya kaunta miaka yote hiyo alipaswa kulijua hilo kabla ya kutazama kucha zako.

Usinunue kwanza. Tafuta uwanja wa shabaha unaokodisha bastola, ulipie mkufunzi saa moja, ujaribu aina tatu nne. Angalia kama unaweza kuvuta nyuma ile sehemu ya juu bila kuhangaika, na kama kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kupinda mkono. Halafu rudi dukani ukijua unachotaka kwa jina. Mzee mwache akatazame mabuti ya kuwindia upande wa pili. Muuzaji akiendelea kumtafuta kwa macho, toka. Columbus ina maduka mengi.

Nina grinikadi mwaka wa tatu sasa. Muuzaji alipoona nimejaza kwamba ni raia wa Kongo, akaivuta fomu na kusema hawauzii wageni. Nilimwonyesha grinikadi, akasema haitoshi. Ni sheria au ni dharau? (Dereva wa lori, Dallas, Texas)

Kaka, hapo yamechanganyika mambo mawili.

Sheria ya nchi inamruhusu mkaazi wa kudumu, yaani mwenye grinikadi kama wewe, kununua bunduki dukani. Fomu uliyojaza, namba 4473, ina nafasi ya uraia wako na ya namba yako ya uhamiaji, ile inayoandikwa kwenye kadi. Kama wasio raia wote wangekatazwa, nafasi hizo zisingekuwepo. Kwa hiyo "hatuuzii wageni" ni maneno ya duka lake.

Lakini aliposema kadi haitoshi alikuwa sahihi, pengine bila kujua. Sheria inataka kitambulisho cha serikali chenye picha, tarehe ya kuzaliwa na anwani unayoishi. Grinikadi haina anwani. Unahitaji leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, na kama umehama na leseni bado inaonyesha nyumba ya zamani, ongeza hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kwa mfano kadi ya usajili wa gari. Ndugu zetu wengi hukwama hapo hapo, kisha wanahesabu kwamba wamebaguliwa.

Ukirudi, au ukienda kwingine, uliza swali moja kwa sauti ya kawaida: "Hii ni sheria, au ni utaratibu wa duka?" Mwenye duka ana uhuru mpana wa kukataa kuuza akiwa na shaka. Kumkataa mtu kwa rangi yake ni jambo jingine: sheria ya haki za kiraia ya 1866 inakataza kumnyima mtu haki ya kufanya mkataba kwa sababu hiyo, na majimbo mengi yana sheria zao juu ya hapo. Sheria ile maarufu ya haki za kiraia ya 1964 watu huitaja haraka, lakini sehemu yake ya huduma kwa umma inataja hoteli, migahawa, vituo vya mafuta na kumbi za burudani. Duka la kawaida halimo. Ukitaka kufika mahakamani, utahitaji wakili na ushahidi, wala usitegemee mambo ya haraka.

Wenye viza za muda, za masomo au za kazi, jibu hili haliwahusu. Ninyi kwa kawaida mmekatazwa hata kushika silaha, ikiwemo ya kukodi uwanjani, isipokuwa mkiangukia kwenye msamaha maalumu kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Msikisie katika hilo. Muulizeni wakili wa uhamiaji kabla ya muuza bunduki.

Kila nikinunua, jibu la uchunguzi linakuja "subiri". Wengine wanaondoka na bunduki zao, mimi muuzaji ananitazama kama jambazi. Jina langu ni la Kiislamu na wenye jina kama langu ni wengi mno. (Minneapolis, Minnesota)

Umejijibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Tangu Novemba 1998 muuzaji anawasiliana na mfumo wa uchunguzi wa papo kwa papo wa rekodi za mnunuzi, NICS, unaoendeshwa na FBI. Majibu ni matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. "Subiri" mara nyingi maana yake ni kwamba jina na tarehe vinakaribiana na vya mtu mwingine mwenye rekodi, na mtumishi wa FBI anatafuta kuwatenganisha. Muuzaji haambiwi sababu. Yeye anaona neno moja tu kwenye skrini na kulijazia hadithi yake.

Zikipita siku tatu za kazi bila jibu, sheria ya nchi inamruhusu kukukabidhi bunduki, ila haimlazimishi. Wapo wanaokataa mpaka waone "endelea", na sababu wanayo. Mwaka 2015 kijana aliyewaua watu 9 kanisani Charleston, South Carolina, alikuwa amepata bastola yake kwa njia hiyo: siku tatu ziliisha kabla uchunguzi haujakamilika. Kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21, sheria ya 2022 iliongeza muda huo hadi siku 10 za kazi pale panapotokea jambo la kufuatilia.

Dawa ipo. Omba FBI wakuweke kwenye orodha ya hiari ambapo unatoa alama za vidole, nao wakikukubali wanakupa namba inayoitwa UPIN. Unaiandika kwenye fomu 4473 kila unaponunua, na yule mwenye jina kama lako anaacha kukufuata. Wakati unaisubiri, jaza namba yako ya hifadhi ya jamii. Fomu inasema ni hiari, lakini inasaidia kukutenganisha na wengine.

Na kwa kuwa uko Minnesota: bastola huko inataka kibali cha kununua kutoka kwa polisi wa mji wako au sherifu. Mtu akikudai kibali hicho hajakutukana.

Nilikwenda na mdogo wangu ambaye Kiingereza hakijakaa sawa. Nikamwambia muuzaji namnunulia yeye. Akatufukuza wote wawili, na alikuwa mkali kweli. Tulikosa nini? (Louisville, Kentucky)

Mlimwambia, bila kujua, kwamba mnataka kutenda kosa la jinai mbele yake.

Fomu inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukijaza jina lako kwa bunduki ya mtu mwingine aliyekupa pesa, umesema uongo kwa serikali. Hata kama huyo mwingine hana kosa lolote. Mahakama ya Juu ya Marekani ililiamua hilo mwaka 2014 katika kesi ya Abramski, mtu wa Virginia aliyewahi kuwa askari polisi. Alimnunulia mjomba wake wa Pennsylvania bastola aina ya Glock kwa sababu duka lilikuwa na punguzo kwa askari. Mjomba alikuwa msafi na angeweza kununua mwenyewe. Abramski alishindwa, majaji 5 kwa 4. Tangu 2022 kununua kwa niaba ya mtu asiyeruhusiwa, au anayetaka silaha kwa uhalifu, ni kosa lenye adhabu ya hadi miaka 15 gerezani. Zawadi ya kweli, kwa pesa yako mwenyewe, kwa mtu anayeruhusiwa kumiliki, ni halali. Sasa muuzaji atajuaje pesa ni ya nani, wakati ninyi mnashauriana kwa lugha asiyoielewa na mmoja ana simu sikioni? Angeweza kueleza kwa upole, nakubali. Hata hivyo nisingependa auze.

Mdogo wako anunue mwenyewe. Kama hawezi kusoma au kuandika hiyo fomu, maelekezo yake yanaruhusu mtu mwingine asiye muuzaji amwandikie majibu, na watu wawili wasio wauzaji watie saini kama mashahidi. Sahihi ya mnunuzi anaweka yeye. Pigeni simu dukani mapema mwaulize kama wamezoea utaratibu huo. Wengi hawajauzoea, na atakayesema "njooni Jumanne asubuhi, tutakuwa na nafasi" ndiye wenu.

Shemeji yangu wa Mwanza anataka nimletee bastola nikija likizo. Duka gani lina bei nzuri? (Msomaji wa Maryland)

Hakuna. Mpelekee viatu. Kwa Marekani huo ni usafirishaji wa silaha bila kibali, na kwa Tanzania sheria ya silaha na risasi ya 2015 itakupokea uwanja wa ndege kabla ya shemeji.

Mzee mmoja dukani alinipigia kelele mbele ya watu kwa sababu niliinua shotigani kuangalia inavyokaa begani. Haikuwa na risasi! (Des Moines, Iowa)

Na mbele ya mtutu alikuwepo nani? Ninauliza kwa sababu hujataja.

Bunduki huombi kwa kuinyooshea mkono. Unasema "naomba kuiona", yeye anaifungua na kuikagua, anakupa ikiwa wazi, nawe unaikagua tena ingawa umemwona akiikagua. Kidole kinakaa nje ya kifyatulio. Ukitaka kuijaribu begani, unauliza uelekeze wapi, na atakuonyesha ukuta mmoja. "Haina risasi" ndilo neno ambalo watu wa maduka hayo wamelichoka kuliko yote. Kelele hazipendezi, lakini huyo mzee namuunga mkono.

Nilinunua bunduki mtandaoni kwa bei nafuu, ikatumwa duka la karibu nami. Mwenye duka alinuna kuanzia mlangoni na kunitoza dola 60 kwa kujaza karatasi tu. (Houston, Texas)

Karatasi hizo ndizo zinazoweza kumfungia duka. Bunduki ikifika anaiingiza kwenye daftari lake, anakujazisha 4473, anafanya uchunguzi, anaitunza fomu, na kosa lolote ni lake hata kama faida ameichukua mwingine. Faida ya bunduki mpya yenyewe ni nyembamba. Maduka madogo yanaishi kwa risasi, mikanda, mafuta ya kusafishia na ufundi. Uliza ada kabla hujaagiza, na siku ya kuchukua nunua japo boksi la risasi. Utashangaa uso wake utakavyofunguka.

Niseme na hili hapa, maana ni la maduka hayo hayo madogo. Mengi yao ni vijiwe. Kuna wazee wanne na kahawa, siasa za jana, na mgeni anapoingia mazungumzo yanakatika. Unaweza kudhani wamenyamaza kwa ajili ya rangi yako, na mara nyingine ni kweli. Lakini mzungu kijana wa mjini akiingia hapo naye ananyamaziwa. Sisi wenye vijiwe vyetu vya kahawa tunajua mtu huingiaje: anasalimia wote, hakai kwenye kiti cha mtu, anauliza jambo dogo analotaka kujifunza. Jaribu mara mbili. Ya tatu wakinyamaza bado, waachie kahawa yao.

Nimedharauliwa kweli, na maneno yalisemwa ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilalamike wapi? (Phoenix, Arizona)

Pole sana, dada. Inategemea walichofanya. Wakivunja sheria ya silaha, mfano kukubali mtu ajaze fomu kwa jina la mwingine, hiyo ni ya ATF. Wakikutapeli, yaani wakikuuzia kilichotumika kwa madai kwamba ni kipya au wakikataa kurejesha amana kinyume cha risiti, peleka kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, kitengo cha kulinda walaji. Kubaguliwa kwa rangi au dini kuna kitengo cha haki za kiraia katika ofisi hiyo hiyo ya Arizona.

Ukali mtupu hauna ofisi. Andika maoni yako hadharani, kwa tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, bila kumwita mtu majina. Maduka haya yanaishi kwa watu wa eneo hilo, na mwenye mali mara nyingi si yule aliyekuhudumia. Ukitaka, kabla ya kuandika piga simu uombe kuongea na mwenyewe. Akijibu kama yule wa kaunta, ongeza na hilo kwenye maoni.