Maswali yenu: bei ya mochari, betri ya moyo na waliozinduka

Barua nyingi mara hii ni za wafiwa. Poleni. Walioandika "nisaidie haraka" bila kusema wako kaunti gani wala nini kimetokea nimewaweka kando, kama kawaida.

Tulipopeleka mwili wa mama mochari ya binafsi tuliambiwa "msijali, tutaelewana". Siku ya kuuchukua, bili ilikuwa mara mbili ya tulichochanga. Tufanye nini? (Kisauni)

"Tutaelewana" si bei. Bili ya mochari ina vipande vyake: kulaza kwa siku, dawa ya kuhifadhi, kuosha na kuvisha, chumba cha kuagia, gari. Wengi wenu mnaumizwa na kile cha siku. Kamati inasogeza mazishi kutoka Ijumaa hii hadi Jumamosi ya wiki ijayo ili mjomba afike kutoka Doha, na huku siku zinahesabiwa. Mjomba mwenyewe akifika hachangii mochari, amekuja na maua.

Mfiwa hapatani bei. Anaona haya, kama kwamba kuuliza ni kumpunguzia mama heshima, na wenye biashara wanalijua hilo vizuri sana. Marekani waliliwekea kanuni tangu 1984: ukifika kuulizia mazishi unapewa orodha ya bei, kipande kwa kipande, uondoke nayo. Uingereza wakafuata 2021: bei zionekane ofisini na kwenye tovuti. Huku kwetu, ada za mochari za kaunti zimo kwenye jedwali la Sheria ya Fedha ya kaunti na yeyote anaweza kuzisoma. Za binafsi utazipata ukizidai, kwa hiyo mtumeni mtu asiye wa karibu mno, shemeji au jirani mwenye macho makavu, aombe bei kwa maandishi kabla mwili haujashuka garini. Aulize pia siku inaanza kuhesabiwa saa ngapi.

Kwa bili mliyo nayo, daini mchanganuo. Lipeni yale mnayoyakubali, yaliyobaki mbishane kwa barua, si kwa kupayuka mlangoni.

Hospitali inaweza kuzuia maiti kwa sababu ya deni? (Tanga, Kakamega, Voi, na wengine ambao hawasomi nilichoandika jana)

Mahakama Kuu ya Mombasa ilisema mwaka 1998 kwamba maiti si mali ya mtu wala haiwekwi rehani. Tanzania nako wizara ya afya imekataza zaidi ya mara moja. Lakini deni halifi na mgonjwa. Mkisaini karatasi ya dhamana ili mwili utoke, isomeni: aliyesaini ndiye atakayedaiwa, na mara nyingi ni yule kijana mpole aliyetumwa kwa sababu ana kalamu.

Kaka yetu amefariki Texas. Wenye nyumba ya mazishi wametaja bei moja ya jumla, na wanasema lazima apigwe dawa na jeneza linunuliwe kwao.

Kanuni niliyotaja hapo juu inawahusu hao hasa. Ombeni orodha. Jeneza mnaweza kulinunua kwingine, na hawaruhusiwi kuwatoza kwa kulipokea. Kupigwa dawa hakulazimishwi na sheria kwa kila maiti, ila mkimsafirisha huenda shirika la ndege au nchi anakokwenda wakataka. Basi ulizeni: ni nani anayelazimisha, na imeandikwa wapi? Ada ambayo hamwezi kuikataa ni moja, ile ya huduma za msingi. Bei kwa simu pia wanalazimika kuwapa, kwa hiyo pigieni watatu kabla ya kuanza kuchangisha.

Jeneza lipi bora?

La bei mnayoiweza. Linafukiwa.

Mzee alikuwa na betri ya moyo, ile mashine ndogo ya kuongoza mapigo inayowekwa kifuani, na ameusia achomwe moto kwenye tanuri la maiti la Kariokor. Binamu anasema italipuka. Ni mzaha? (Nairobi)

Binamu yuko sahihi. Tukio la kwanza kuripotiwa lilitokea Uingereza mwaka 1976, na wafanyakazi wa tanuri walipoulizwa huko miaka ya baadaye, karibu nusu yao walisema limewapata. Betri ikipata moto mkali hupasuka, tanuri likaharibika na aliye karibu akaumia. Kuitoa ni kazi ya dakika chache, mkato mdogo chini ya mtulinga. Ikiwa ni ile inayopiga moyo shoti, izimwe kwanza na mtaalamu, isije ikampiga anayeitoa. Mkizika ardhini, haina neno.

Nikiwa muuguzi niliona familia zikikana ugonjwa mlangoni mwa mochari kana kwamba zimeulizwa mahari. Mnawalaumu wenye mochari kwa kuficha bei, nanyi mnawaficha marehemu alitibiwa nini. Huko Arizona, 2017, mgonjwa wa saratani alidungwa dawa yenye mionzi ya lutetiamu, akalazwa hospitali nyingine, akafa siku chache baadaye na kuchomwa moto bila wenye tanuri kuambiwa. Mionzi ilikutwa kwenye tanuri na kwenye mashine ya kusaga mifupa. Mkojo wa mfanyakazi nao ulipimwa: wakakuta chembe za dawa nyingine kabisa ya mionzi, teknetiamu. Huenda basi haikuwa mara yake ya kwanza kupokea maiti wa namna hiyo. Kwa hiyo mpeni mhudumu karatasi ya matibabu, hata kama binamu atacheka.

Ni kweli watu huzinduka mochari?

Kuna mambo mawili, msiyachanganye. Lipo la moyo kurudi wenyewe baada ya madaktari kuacha kuukandamiza. Liliandikwa kwenye majarida ya tiba mwaka 1982 na likaja kupewa jina la Lazaro. Hutokea mara chache, kwa kawaida ndani ya dakika kumi, ndiyo maana daktari makini hungoja akitazama mashine kabla ya kuandika saa ya kifo. La pili ni uzembe wa kupima. Kericho, Novemba 2020, iliripotiwa kuwa mtu alizinduka mochari alipokatwa mguuni ili atiwe dawa. Hapo msimtaje Lazaro, ulizeni nani alimpima.

Tunashuku baba alilishwa sumu. Tumeshalipia dawa ya kuhifadhi. (Malindi)

Kama hawajaitia, wazuieni leo. Pigeni ripoti polisi, na upasuaji wa maiti ufanywe kwanza: formalini, hiyo dawa ya kuhifadhi, inavuruga vipimo vya sumu. Kama wameshaitia, mwambieni daktari wa upasuaji ilitiwa lini na kiasi gani. Pesa ya dawa rudini kuidai baadaye, mkiwa na risiti. Mlipewa risiti?