Redio koli kiunoni zamu nzima: kinachopaswa kukupa wasiwasi na kisichopaswa

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama redio koli unayoifunga kiunoni zamu nzima inakupiga mawimbi muda wote, kama ni kweli inaleta saratani, na mwenzenu mjamzito afanyeje. Mimi ni fundi wa redio hizi kwa miaka mingi. Nazipanga masafa, nazitengeneza, na nawafundisha walinzi na mafundi wa viwandani namna ya kuzitumia, kwa hiyo nivumilie nijibu kwa kirefu.

Redio ikiwa imewashwa na hujabonyeza kitufe cha kuzungumzia, inasikiliza tu. Za kidijitali huweza kutuma taarifa zake zenyewe, mfano za mahali ulipo, ila ni kwa muda mfupi mno. Mawimbi ya maana yanatoka unapobonyeza na yanakoma ukiachia. Lakini yakitoka yanatoka kwelikweli: redio nyingi za mkononi zinarusha wati 4 au 5, na hazipunguzi zenyewe kama simu inavyofanya ikiwa karibu na mnara. Unayemwita hata akiwa nyuma ya ukuta, wati ni zilezile. Nyingi zina nguvu ya chini, wati 1 hivi. Kama eneo lenu ni dogo, mwambieni fundi aweke hiyo. Betri nayo itadumu zaidi.

Mawimbi hayo hayana uwezo wa kuvunja vinasaba kama eksirei. Athari yake iliyothibitika ni joto. Mwili ulio karibu na antena unafyonza sehemu ya mawimbi na kupata joto, kisha damu inalibeba. Macho na korodani hazipozwi haraka na damu, ndiyo maana huwa nasisitiza sana redio isishikwe kiholela. Viwango vimewekwa kwa wati kwa kila kilo ya mwili. ICNIRP, tume ya kimataifa inayoshughulikia mionzi ya aina hii, inaruhusu 10 kichwani na kiwiliwilini kwa mfanyakazi na 2 kwa raia wa kawaida, ikipima wastani wa dakika 6. Marekani wana 8 na 1.6, wao wanapima kwenye kipande kidogo zaidi cha mwili. Mfanyakazi ameruhusiwa zaidi kwa sababu inachukuliwa kwamba amefundishwa na anaweza kujikinga. Ukipewa redio bila mafunzo, mwajiri amechukua ruhusa na kuacha sharti lake. Na redio ya kazini usimpe mtoto achezee nyumbani, kwani haikupimwa kwa kiwango cha raia.

Vipimo hivyo vinakwenda na sharti jingine ambalo watu hawasomi kwenye kijitabu: usirushe zaidi ya nusu ya muda. Ndani ya dakika 6, kubonyeza kusizidi dakika 3. Kwa mazungumzo ya kawaida ya kazini hufiki huko. Anayefika ni yule ambaye kitufe chake kimenasa kwenye mkanda wa gari, redio inarusha yenyewe huku imembana nyongani. Kuna mpangilio wa kukata urushaji baada ya muda fulani, mara nyingi sekunde 60. Muulize fundi wenu kama ameuwasha.

Sasa tuje kwenye antena, maana hapa ndipo ninapoona uzembe mkubwa. Naletewa redio ambazo mpira wa antena umechanika pale chini unapojikunja, springi ya shaba inaonekana, juu yake mtu amezungusha gundi ya karatasi. Chuma hicho kikigusa ngozi wakati unarusha kinaunguza. Ni jeraha dogo, lakini linauma, na kama ni shavuni utalikumbuka. Wengine wanafunga antena yoyote inayoingia kwenye nyuzi za skrubu za redio. Antena ya masafa ya VHF kwenye redio ya UHF, ambayo ni masafa ya juu zaidi, inarudisha nguvu ndani, redio inachemka, sauti haifiki, na mtu anazidi kubonyeza. Zaidi ya hapo, redio ilipimwa ikiwa na antena yake na klipu yake. Ukibadilisha kimojawapo, kile kipimo cha wati kwa kilo hakikuhusu tena. Klipu inaacha nafasi kati ya redio na mwili, na nafasi hiyo ni sehemu ya kipimo. Ukiitumbukiza redio mfukoni mwa suruali, umeiondoa.

Kuhusu maiki ya begani, ile ndogo yenye waya unaoingia kwenye redio: ni nzuri, ila ujue antena imebaki kiunoni. Umeiondoa usoni, hujaiondoa mwilini. Una maelezo marefu? Itoe redio kwenye mkanda, isimamishe wima mbele ya uso, mdomo ukae mbali nayo sentimita 2.5 au zaidi. Sauti pia inakuwa safi kuliko ukiubandika mdomo kwenye maiki.

Saratani. Mwaka 2011 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliyaweka mawimbi ya redio kundi 2B, yaani huenda yanasababisha. Ushahidi ulikuwa hafifu, na ulitokana zaidi na tafiti za simu. Anayekuambia imethibitishwa anakutisha bure. Mimi binafsi naichukua kama sababu ya kutunza umbali, sio ya kuacha kazi.

Mwenzenu mjamzito ana haki ya kudai zaidi. Mwongozo wa ICNIRP wa 2020 unamhesabu mtoto aliye tumboni kama raia, hata mama akiwa kazini. Kwa hiyo redio yake isikae kwenye mkanda karibu na tumbo. Ashike mkononi, nguvu ya chini, au apangiwe kazi isiyo ya kuita mara kwa mara. Aombe hilo kwa maandishi. Na kama kuna mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, redio ikae angalau sentimita 15 kutoka kilipo, kamwe isiwe mfuko wa kifua, na amwone daktari wake kabla ya kukabidhiwa.

Weka hapa namba ya modeli iliyo nyuma ya redio, chini ya betri, pamoja na picha ya antena na klipu, nikuangalizie kama vinaendana.