Kamera ya pili ya harusi: tafuta ndugu wa tumbo moja

Mwaka 2019 nilikuwa na kamera moja tu. Siku za kazi nipo ofisini na vitabu vya hesabu, Jumamosi napiga harusi hapa Dar es Salaam. Jumamosi moja ya Agosti, ukumbini, shampeni imeshafunguliwa, MC akaita ukoo wa bwana harusi waje mbele na zawadi. Msafara wenyewe mnaujua: akina shangazi wamevaa sare, vitenge na masufuria kichwani, wanaenda mbele hatua moja na kurudi nyuma mbili, ukumbi mzima umesimama. Mimi nilikuwa nimeinama pembeni nabadilisha lenzi. Mtu akanigonga bega, kamera ikaniponyoka, ikatua kwenye marumaru kifudifudi. Ile pete ya chuma inayoshika lenzi ikapinda. Keki ilikuwa bado haijakatwa.

Mpiga video, Mungu ambariki, alikuwa na kamera ya zamani kwenye begi lake, akaniazima. Nikiwa nimechuchumaa nyuma ya spika nahamisha vitu, nikaona miguu imesimama mbele yangu. Mama wa bibi harusi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na za kanisani zimepotea?" Nilitoa kadi kwenye kamera iliyoanguka, nikaichomeka kwenye ile ya kuazima, ambayo kwa bahati ilikuwa ya kampuni ileile, nikamwonyesha binti yake akivishwa pete. Akanishika mkono, hakusema neno, akarudi mezani kwake. Tangu usiku ule sijapokea harusi nikiwa na bodi moja, yaani kamera yenyewe bila lenzi.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeanza kazi hii ya wikiendi, bodi ya pili ni lazima. Ninachotaka kukueleza ni bodi ipi, kwa sababu hapo ndipo mimi na wenzangu wengi tulipopoteza hela.

Mara ya kwanza nilinunua kwa tamaa ya sifa. Nilikuwa natumia Canon EOS 6D, nikapata bodi ya kampuni nyingine kwa bei nzuri. Ilikuwa kamera safi kabisa, na kama ningeitumia peke yake ningeipenda. Lakini kwenye harusi kamera mbili hufanya kazi kama watu wawili waliobeba meza moja. Lenzi zangu hazikuingia kwenye bodi mpya, ikabidi ninunue lenzi nyingine. Fleshi yangu ikichomekwa pale juu ilifyatuka kwa nguvu zote tu, haikujua kupima mwanga. Nilibeba chaja mbili na betri za aina mbili, na kila mara betri niliyoishika gizani ilikuwa siyo. Zumu ya huku ilizunguka kulia, ya kule kushoto. Kilichonichosha zaidi ni rangi: ngozi ya bibi harusi huku imeelekea wekundu, kule imeelekea njano, na mimi Jumapili nzima nipo kwenye kompyuta nalinganisha picha 600 moja moja. Baada ya miezi 7 niliiuza kwa hasara.

Ndiyo maana nasema tafuta ndugu wa tumbo moja. Bodi ya pili itumie lenzi zilezile, betri ileile, fleshi ileile, na vitufe vikae karibu na pale ulipozoea. Ukiweza kupata pacha kabisa wa kamera uliyonayo, chukua pacha. Sifa nyingine zote zije baada ya hapo.

Mimi hatimaye niliongeza Canon 5D Mark III kando ya 6D. Zote mbili zilitoka mwaka 2012, zote zina sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) kubwa ya fulfremu, moja ina megapikseli 20.2 na nyingine 22.3, hata ukichanganya picha zake kwenye albamu hakuna anayejua. Zote zinakula betri ya LP-E6. Ninazo betri 5 na zinazunguka kote kote. Najua ni kamera za zamani. Wateja wangu hawajawahi kuniuliza mwaka wa kamera, wanauliza kama picha ya bibi yao imetoka.

Sababu ya kuchagua 5D Mark III badala ya 6D nyingine ilikuwa matundu mawili ya kadi. 6D ina moja. Kadi ikiharibika na picha za kiapo zimo ndani yake, hakuna msamaha wa kuomba unaotosha, kwa hiyo kiapo na pete napiga kwa bodi inayoandika kadi mbili kwa pamoja. Ila lijue hili kabla hujainunua: tundu lake la SD, zile kadi ndogo za kawaida, ni la polepole, na tundu la pili linataka kadi ya CF, ya zamani na kubwa zaidi, ambayo madukani sasa unaitafuta kwa tochi. Ukiandika faili za RAW, zile nzito ambazo kamera haijazikamilisha, kote kote na ukafyatua mfululizo, kamera inasimama ikisubiri tundu la SD. Mimi naweka RAW kwenye CF na JPEG, zile nyepesi, kwenye SD, na sifyatui kama bunduki. 6D nayo ina lake: nukta yake ya katikati ya fokasi inaona gizani ajabu, kwa hiyo ngoma ya kwanza, taa zikizimwa, naishika hiyo. Nukta zake ziko 11 tu, nyingine sizitegemei usiku.

Anayetumia Nikon ana njia rahisi zaidi, kwa sababu D610 na D750 zote zina matundu mawili ya SD na betri ya EN-EL15. Ningekuwa naanza leo na lenzi za Nikon ningetafuta D750 mbili na kulala usingizi.

Mtego mkubwa uko kwenye majina yanayofanana. Sony A7 II na A7 III zinaonekana kama mtu na mdogo wake, lakini ya kwanza inatumia betri ya NP-FW50, ndogo na inayoisha haraka, na ya pili NP-FZ100. Haziingiliani. Canon EOS R6 inapokea betri za ukoo wa LP-E6, lakini EOS RP inataka LP-E17. Kijana anaona "EOS R" imeandikwa kote, analipa, anafika nyumbani ndipo anagundua ana ukoo mpya wa betri wa kulisha. Fungua mlango wa betri ukiwa dukani, ingiza yako, washa.

Kwa walioanza na kamera za sensa ndogo kama Canon 70D au 80D: fulfremu kama bodi ya pili inavutia, na usiku ukumbini utauona uzuri wake. Lakini lenzi zako za EF-S, zilizotengenezwa kwa sensa ndogo, hazitakaa kwenye 6D wala 5D, hata ile ya 18-55 iliyokuja na kamera. Hesabu bei ya bodi pamoja na lenzi, vinginevyo utakuwa na kamera ya kuning'iniza shingoni. Sensa ndogo usiidharau kanisani. Parokia nyingi zinakuzuia kusogea karibu na altare, na nyingine hazitaki fleshi. Pale nyuma ya nguzo, lenzi ya 70-200 kwenye 70D inakuvutia kama 112 hadi 320 kwenye fulfremu, unaona pete inavyoingia kidoleni. Mchana na madirisha makubwa, inatosha.

Mirolesi, kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani, sitakaa nazo sana. Ni nzuri, na kwa adapta ya kampuni lenzi za EF, za Canon zenye kioo, zinafanya kazi vizuri kwenye bodi za EOS R. Kama bodi yako ya kwanza ina kioo na unataka kuhama, hama ukiwa umejiandaa kuhama na zote mbili. Na ile shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) ya kimya ya elektroniki usiitumie ukumbini: taa za LED za mapambo huchora mistari kwenye picha, na kwenye skrini ndogo ya kamera huioni hadi ufike nyumbani.

Kuna matumizi ya bodi ya pili ambayo sikuyawaza hadi nilipopata kazi ya nikahi. Bwana harusi yuko msikitini na mashahidi, bibi harusi yuko nyumbani na wanawake wenzake, hina imekauka, udi unafuka, na mimi mwanamume sina nafasi ndani. Dada mmoja tunayefanya naye kazi alikwenda na bodi ya pili. Alikuwa ameizoea kwa nusu saa tu, kwa sababu vitufe ni vya ukoo uleule na alishawahi kushika kamera yangu. Picha alizoleta, shangazi wa bibi harusi akimfunga binti mkufu huku wote wawili wanalia, ndizo zilizojaza kurasa za mwanzo za albamu. Ukinunua bodi ya pili, fikiria na mkono wa mwenzako utakaoishika.

Sasa hela. Sisi wa wikiendi karibu wote tunanunua iliyotumika, Kariakoo, Posta, kwa mpiga picha anayeacha, au kwa ndugu anayetoka nje. Hakuna ubaya, ila nenda mchana na usiende mikono mitupu. Beba lenzi yako, fleshi yako, kadi, betri na laptop. Simama na kamera dakika 40 bila haya. Muuzaji anayekuharakisha, mshukuru na uondoke.

Piga ukuta mweupe au anga kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, uikuze picha kwenye laptop: madoa meusi yanayorudi mahali palepale ni vumbi kwenye sensa, na mengi husafishika. Mkwaruzo hausafishiki. Funika lenzi, piga sekunde chache gizani, tafuta nukta zinazong'aa. Chomeka fleshi, ifyatue mara 20, itikise kidogo pale juu uone kama inapoteza mawasiliano. Tazama skrubu za chini: kichwa kilichokwanguliwa kinakwambia kuna mtu alishaifungua. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, fangasi. Kama bodi inauzwa na lenzi, mulika tochi ndani ya lenzi upande wa nyuma, utaona nyuzi kama za buibui. Hiyo acha, hata wakikupa bure.

Idadi ya mifyatuo ya shata nayo ina maana. Nikon huiandika ndani ya faili la picha, unaisoma kwenye laptop palepale. Kwa Canon nyingi za umri huu inabidi uunganishe waya na programu maalumu. Shata ya 6D imekadiriwa mifyatuo 100,000, ya 5D Mark III na D750 150,000. Ni makadirio, nyingine huvuka na nyingine hazifiki. Mimi sinunui iliyozidi nusu ya makadirio, labda bei iwe imeshuka mpaka nibakiwe na hela ya kubadilisha shata.

Usinunue kwa advansi ya mteja. Nimeona rafiki akifanya hivyo, harusi ikaahirishwa kwa msiba, familia ikadai fedha yao wakiwa kwenye matanga, na yeye hana. Hadi hela itimie, kodi bodi kwa mwenzako kila Jumamosi na uiweke wazi kwenye bei unayompa mteja. Mimi nilitenga theluthi ya kila malipo kwa miezi 11.

Ukishakuwa nazo mbili, usiiache ya pili kwenye begi. Vaa zote, moja kila upande, na usibadilishe lenzi tena hadi kazi iishe. Kwangu 24-70 iko kulia na 85 kushoto; pete ikiingia napiga kwa 85, vigelegele vikilipuka mkono wa kulia umeshapanda. Ukumbini naweka zote kasi ya shata ya 1/160 ya sekunde, kwa sababu 6D na fleshi kwa kawaida haivuki 1/180, na kiasi cha waiti balansi, kinachoweka sawa rangi ya mwanga, ninaandika namba ileile kwenye zote badala ya kuziacha zijiamulie.

Na Ijumaa usiku, betri zikiwa kwenye chaja, linganisha saa za kamera. Mwaka wa kwanza sikujua. Kamera moja ilikuwa mbele kwa dakika 9, na nilipopanga picha kwa muda, keki ikalishwa kabla ya kukatwa. Siku hizi nafungua saa ya simu yenye sekunde, naipiga picha kwa kila kamera, natazama muda ulioandikwa kwenye faili zote mbili, narekebisha, napiga tena. Kisha naziweka kwenye begi na pakiti za silika za kunyonya unyevu, na kadi za kila kamera kwenye mfuko wake.